Kalamu ya wino kwenye hewa ya Mikindani: uzoefu wangu wa miezi kumi

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika. Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi wa Oktoba, naandika kutwa: jina la mkulima, idadi ya magunia, kilo, daraja, sahihi. Ungeniambia kuna watu wanakaa saa nzima kutazama mtu mwingine akiandika, tena kwa bando walilolipia wenyewe, ningekucheka mpaka jirani atoke nje. Machi mwaka jana mvua ilitufungia ndani siku tatu mfululizo, umeme unakatika unarudi, na YouTube ikaniletea mkono wa mtu wa Japani. Sura haionekani, hasemi, hakuna muziki. Anafungua daftari, anaandika kwa kalamu ya wino, ile unayoijaza wino mwenyewe. Unasikia ncha inavyokwaruza karatasi, kama kuku anayechakura nyuma ya nyumba. Nililala saa nane usiku.

Kuanzia hapo nikazama. Wapo wanaobandika maua makavu na vipande vya magazeti ya zamani kwenye daftari, wapo wanaochovya ncha kwenye vidau ishirini vya rangi tofauti, na wapo wale wa duka la kalamu la Goulet kule Virginia, Marekani, ambao kwangu ndio walimu hasa. Wanaongea haraka, lakini wanafungua kalamu kipande kwa kipande mbele ya kamera, na hicho hakihitaji mkalimani.

Kalamu yangu ya kwanza ilikuwa Jinhao X450, ya Uchina, niliyoinunua kwa muuzaji wa Kariakoo anayetangaza kwa picha za WhatsApp. Ilikuja na basi, imeviringishwa gazeti, shilingi 28,000 pamoja na nauli ya mzigo. Ni ya shaba iliyopakwa rangi, nzito; ukiandika nayo ukurasa mzima kidole gumba kinaomba ruhusa. Niliagiza ncha nyembamba ikaja ya kati. Kumuuliza, muuzaji akanijibu kwamba zote zinaandika. Sikubishana, ila kumbukeni hiyo ncha, tutakutana nayo mbele.

Ilikuja haina wino. Nilizunguka steshenari tatu mjini Mtwara na zote nikaulizwa swali lilelile: wino wa printa? Nikarudi ofisini nimechoka, nikaona pale mezani kichupa cha wino wa muhuri, wa zambarau. Wino si ni wino? Nikazungusha ile konveta, yaani kibomba cha ndani cha kufyonzea, ikafyonza vizuri kabisa. Nikaandika mistari sita mizuri ambayo sijawahi kuandika maishani. Mstari wa saba ukatoka nusunusu, wa nane haukutoka. Kesho yake ule ukurasa ulikuwa bado unanata, na kiganja changu kilikuwa cha mtu aliyepiga kura mara kumi.

Niliyojifunza baadaye ni kwamba wino wa muhuri umetengenezwa makusudi usikauke haraka, ndiyo maana pedi yake inakaa mwezi mzima bado mbichi. Kalamu ya wino inataka wino wa majimaji. Chini ya ncha kuna kipande cheusi kama ulimi, kina vifereji vyembamba kama uzi: wino unashuka, hewa inapanda kuziba nafasi yake. Ndilo fumbo ambalo Lewis Waterman alilipatia hataza huko Marekani mwaka 1884, na bila hilo kalamu ama inakauka ama inakumwagikia. Mimi nilikuwa nimevijaza vile vifereji uji.

Video ya Goulet ndiyo iliyoiokoa. Chomoa ncha na ule ulimi, loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye matone mawili ya sabuni ya vyombo, sukuma maji ndani kwa bomba la sindano, rudia mpaka maji yatoke meupe. Kwangu ilichukua siku mbili. Siku ya kwanza mjomba wangu, mwalimu mstaafu, akapita kusalimia akaikuta imelala kwenye bakuli la mboga.

"Hii umeitia nini?"

"Wino wa muhuri, mjomba."

"Wa muhuri!" Akavuta kiti. "Sisi chuoni tulitia masizi na gundi ya mti, tukaandikia unyasi uliochongwa kwa kisu, na ubao ukiufuta unaandika tena. Haikuziba hata siku moja. Wewe mpwa wangu una simu ya laki tatu."

Tena akanisahihisha: si kichupa, ni kidau. Kidau cha wino. Nimekulia Mikindani nikijua kidau ni kile cha kuvulia tu.

Wino wenyewe nilitumiwa na binamu yangu wa Dar es Salaam, Quink ya Parker, rangi ya bluu. Ni wino wa zamani, uko sokoni tangu 1931, na hauna makuu: unatiririka, hauzibi, ukikauka ndani ya kalamu maji matupu yanautoa. Kasoro yake ndiyo sifa yake. Bluu hii inafulika. Ilimwagikia kanga yangu mpya, nikailoweka, ikatoka yote. Ila nilipoacha daftari dirishani mvua ikapuliza matone machache, orodha ya wanachama wa kikoba ikabaki madoa ya samawati kama ramani ya visiwa. Mambo ya pesa siandiki tena kwa bluu hii.

Sasa karatasi. Hapa ndipo nina ugomvi na zile video, kwa sababu wanakuuzia kalamu wakati mchezo wote uko kwenye karatasi. Utaona wino unaandika bluu halafu ukikauka pembeni unang'aa wekundu kama mgongo wa mbawakawa. Nilihangaika wiki mbili kuutafuta ule wekundu. Haupatikani kwa Quink, na haupatikani kwenye karatasi inayokunywa. Wenzetu wanaandikia Tomoe River ya Japani, karatasi ya gramu 52, nyepesi kuliko ya rimu ya ofisini ya gramu 80, lakini wino unakaa juu yake haupenyi, unakauka taratibu mpaka rangi inajitenga. Sasa ukichukua kalamu ileile ukaandikia daftari la shule, utadhani umetapeliwa.

Nilifanya jaribio langu. Nikachukua karatasi ya kaunta buku, ya daftari la shule, ya A4 ya rimu, bahasha ya kaki, na pembe ya gazeti isiyo na maandishi. Kote nikaandika neno moja, Mikindani, kwa ile ncha ya kati. Gazeti lilikunywa kama mchanga. Daftari la shule liliota ndevu: kila herufi ikatoa vinyweleo pande zote, nukta za "i" zikawa buibui, na upande wa pili neno likasomeka kinyumenyume. Kaunta buku ndevu pia, ila fupi. A4 ilitoka safi, isipokuwa mkia wa "k" ulifumuka kidogo. Bahasha ya kaki ilinishangaza, ilishika wino vizuri kuliko daftari, ingawa bluu juu ya kaki haionekani vizuri.

Sababu ni wanga. Karatasi nzuri hupigwa wanga kiwandani kama kanzu ya Ijumaa, wino ukigusa unatulia. Karatasi ya bei rahisi haijapigwa, au imepigwa kidogo, basi wino unafuata nyuzi.

Na hewa nayo ina neno lake, jambo ambalo hakuna video niliyoiona imelitaja. Jaribio lile nililifanya Machi, wakati hata chumvi mezani inatoa maji. Nikalirudia Agosti, kusi inavuma, nguo zinakauka kabla hujamaliza kuanika. Kaunta buku ileile, kalamu ileile, wino uleule: ndevu zilipungua kama nusu. Karatasi iliyovuta unyevu haishiki wino. Tangu hapo daftari zangu zinalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na mchele mkavu uliofungwa kwenye kitambaa. Mama anasema nimehamishia ghala chumbani.

Dawa ya ncha pana ilikuwa kalamu ya pili, Platinum Preppy, ya Kijapani, plastiki tupu, nyepesi kama kijiti. Hiyo aliniletea mtu aliyesafiri. Ina alama 03, na ncha za Wajapani ni nyembamba kuliko za wengine. Inatoa wino kidogo, kwa hiyo hata kaunta buku inaivumilia. Mfuniko wake una kifuniko kingine ndani chenye springi, kinabana hewa isiingie. Niliisahau kwenye mkoba wiki tano za joto la Novemba, nikaifungua ikaandika pale pale. Ile Jinhao ukiiacha wiki mbili unaanza kuibembeleza. Kama unanunua moja tu kwa huku pwani, nunua Preppy, na uzuri wa umbo waachie wenye kamera.

Shida yake ni kwamba katriji zake, yaani vibomba vya wino vya kuchomeka ndani, ni za kwake peke yake, na huku sijaziona popote. Nilijifunza kwenye video kuijaza ileile tupu kwa bomba la sindano. Nikaenda duka la dawa Ligula, nikaomba bomba la mililita tano. Dada wa pale akauliza la mgonjwa gani. Nikamwambia la kalamu. Akanitazama kwa muda, akanipa na sindano yake, akasema pole.

Kazini kalamu ya wino haifai, nisimdanganye mtu. Stakabadhi zetu ni za kopi tatu zenye kaboni kati, na kaboni inataka ukandamize. Kalamu ya wino ukiikandamiza ncha inapanuka kama mdomo wa bata na hairudi. Mchana ni biki, usiku ni wino.

Kilichonifurahisha kuliko kununua ni kushona daftari. Karatasi kumi na mbili za rimu, zikunje kati, jalada nikakata kwenye mfuko wa saruji. Mfuko una matabaka. Chukua lile la nje, ulipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, ulikaushe chini ya godoro. Video zinasema tumia chombo maalumu cha kutobolea. Mimi nilimpelekea fundi viatu karibu na stendi, akatoboa matundu matano kwa msharasi wake, tap tap tap, akakataa hela. Uzi wa nailoni niliupitisha kwenye mshumaa ili usiteleze. Jalada lina harufu ya vumbi mpaka leo, lakini halikunjiki, na maneno "kilo 50" yamebaki pembeni. Nayapenda kuliko ua lolote lililokaushwa.

Nikiona nalalamikia karatasi, namkumbuka Livingstone, yule aliyefikia hapa kwetu Mikindani mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho. Miaka mitano baadaye, Nyangwe kule Kongo, karatasi na wino vilimwishia. Akaandika shajara juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London, kwa wino wa rangi ya mimea ya huko. Wino ule ulipenya ndani ya gazeti na kufifia hadi wataalamu walipokuja kuusoma kwa mashine za kupiga picha kwa miali ya mwanga, wakautoa hadharani mwaka 2011. Ningependa kujua uliota ndevu kiasi gani.

Kuhusu bando: shusha picha hadi 360, mkono unaonekana vizuri tu. Na ukimaliza video ya tatu ya mtu anayefungua maboksi ya vidau, zima, maana hapo hufundishwi tena, unauziwa.

Juzi nilimpa mjomba ile Preppy aijaribu. Akaandika majina yake yote matatu kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimelala upande mmoja, akaitazama ncha juani, akaifunika, akaiweka mfuko wa shati. Hajairudisha, na jana asubuhi alikuja kuchukua bomba la sindano.