ThinkPad T430 ya mtumba kutoka Ujerumani: kibodi, saa na hesabu za shilingi

Ndugu zangu, habari za wakati huu, karibuni tena mezani kwangu. Leo nina ThinkPad T430, kompyuta ya mpakato, toleo la mwaka 2012, imeingia nchini na mzigo wa mitumba kutoka Ujerumani. Mwenyewe ni mama yangu mdogo, ana duka la nafaka. Aliniletea akiwa amekata tamaa, maana fundi wa kwanza alimwambia mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani, imekufa na bora anunue nyingine. Mazabodi ni nzima kabisa. Inaniuma sana, kwa sababu najua wako wengi walioambiwa hivyohivyo wakaamini.

Nasogeza kamera. Tazama mstari wa juu wa herufi: Q, W, E, R, T, halafu Z. Pale unapotarajia Y, pana Z. Y yenyewe iko huku chini kushoto, karibu na Shift. Hii ndiyo kibodi ya Kijerumani. Sasa aliyemuuzia mama aliingia kwenye Windows akaweka mpangilio wa Kiingereza cha Marekani, vitufe akaviacha kama vilivyo. Kwa hiyo kitufe kimeandikwa Z, ukikibonyeza inatoka Y. Ona, naandika "mzee", inatoka "myee". Naandika "kazi", inatoka "kayi". Hayo utayaona upesi. Lakini naandika "nguo zangu", soma kilichotoka: "nguo yangu". Umeona? Nguo zote zimegeuka moja, na neno ni sahihi, hakuna programu ya kukagua tahajia itakayokushtua. Kiswahili chetu kinabeba umoja na wingi kwenye herufi hizi mbili, ya na za, yake na zake, yote na zote. Mama aliandika orodha ya madeni ya mwezi mzima namna hii.

Kilichomfikisha kwa fundi, hata hivyo, ni nywila. Alichagua neno lenye "maziwa" ndani yake. Siku anaiweka, mpangilio ulikuwa wa Kiingereza, kwa hiyo kompyuta ilihifadhi "mayiwa", na yeye haoni, anaona vidoti tu. Kesho yake anawasha, na ule ukurasa wa kuingilia bado ulikuwa kwenye Kijerumani. Anabonyeza Z, safari hii inatoka Z kweli. Nywila imekataliwa. Akajaribu mpaka machozi. Ndugu yangu, ikikutokea, kabla hujafungua mashine, angalia kona ya chini kulia ya ukurasa huo. Kuna herufi tatu, DEU au ENG. Bonyeza hapo ubadilishe, halafu andika tena. Na kile kijicho pembeni ya kisanduku cha nywila, kishikilie ili uone ulichoandika. Mama aliingia kwa sekunde tano.

Ukishaingia, fanya hivi ili isijirudie. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika intl.cpl, kisha Enter. Nimechagua njia hii kwa sababu inafanya kazi hata kama Windows yako nzima imeandikwa Kijerumani na husomi chochote. Nenda kwenye kichupo cha mwisho, bonyeza kitufe cha kwanza cha kunakili mipangilio, weka tiki kwenye kisanduku cha kwanza, ule ukurasa wa kuingilia. Sasa ukurasa wa kuingilia na akaunti yako vinatumia mpangilio mmoja.

Mpangilio upi? Hapa nakuomba unisikilize vizuri. Mpangilio lazima ufuate kilichoandikwa kwenye vitufe. Kama vitufe ni vya Kijerumani na huna mpango wa kuvibadili, weka Kijerumani, basi, utaishi nacho. Ila utapata shida kwenye ng'. Watu wengi wakitafuta kile kijialama cha juu kwenye kibodi ya Kijerumani hubonyeza kitufe kilicho kando ya Backspace, ambacho ni cha kuweka mkazo juu ya irabu. Ukiandika ng'ombe, unapata "ngómbe". Alama sahihi ni Shift na kile kitufe cha reli (#) kilicho kando ya Enter. Na hata ukiwa na kibodi ya kawaida, kwenye Windows kuna Marekani mbili, ile ya kawaida na ile ya Kimataifa. Ya Kimataifa ina tabia hiyohiyo, itakuharibia ng'ombe na ng'ambo. Chagua ya kawaida.

Mimi nilimshauri mama tubadili kibodi yenyewe, na hapa ndipo mashine hii inaponifurahisha. Stika za kubandika juu ya vitufe sizipendi, jasho likishika zinahama, baada ya muda unabaki na gundi kwenye vidole. T430 haikulazimishi. Nimezima, nimechomoa chaja, natelezesha betri inatoka yenyewe, haina skrubu. Naigeuza. Huku chini, pembeni ya skrubu za kibodi, pamechorwa alama ndogo ya kibodi, iko hapa, naomba uione. Nazilegeza. Nageuza tena, naisukuma kibodi kidogo kuelekea kwenye skrini, ukingo wa mbele unanyanyuka. Usiivute! Chini kuna mkanda mwembamba umechomekwa kwenye mazabodi, unyanyue plagi yake taratibu kwa kucha. Imetoka. Na habari njema, kibodi za ThinkPad nyingine, X230, T530 na W530, zote zinaingia humu bila kubadili chochote, kwa hiyo kupata ya Kiingereza si kazi kubwa. Hii niliyopata ilitoka kwenye X230 iliyovunjika skrini.

Mashine zinazotoka Uingereza hazina shida kubwa, ni ile @ kubadilishana nafasi na alama za kunukuu. Za Ufaransa na Ubelgiji ndizo zitakazokushangaza. Huko A na Q zimebadilishana, W na Z zimebadilishana, na M imehamia kulia kwa L. Ukiiwekea mpangilio wa Marekani ukaandika "mama", inatoka ";q;q". Ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi wamezizoea, wanaziandikia vizuri tu. Kwa sisi huku, omba upunguziwe bei au uiache.

Sasa hesabu, na hili ndilo lililoniogopesha zaidi. Kwa Kijerumani mkato ndio nukta ya desimali, na nukta ndiyo inayotenga maelfu. Natazama daftari la Excel la mama. Ameandika gunia la mahindi limelipiwa, salio 12,500. Excel imesoma kumi na mbili na nusu. Kilo 4.7 za choroko zimegeuka kuwa tarehe, nne Julai. Chini kuna jumla ya siku, na mama alikuwa anajiuliza nani anamwibia. Kumbe hakuna mwizi. Rudi kwenye intl.cpl, kichupo cha kwanza, chagua Kiswahili cha Kenya, kisha ingia kwenye mipangilio ya ziada ubadili alama ya fedha iwe TSh. Hakikisha nukta ni desimali na mkato ni wa maelfu. Tarehe iwe siku, mwezi, mwaka. Saa weka ya 24, maana kompyuta haijui kwamba saa mbili asubuhi ni 8:00, na ukiweka ya 12 utachanganya asubuhi na jioni. Zile namba za zamani hazitajirekebisha zenyewe, mama na mimi tulikaa usiku mmoja tukazipitia na daftari la karatasi.

Saa ya mashine nayo ilikuwa ya Berlin. Kosa wanalolifanya wengi ni kusogeza mshale wa saa kwa mkono. Ukifanya hivyo, mashine ikipata intaneti inarudi nyuma, kwa sababu bado inaamini iko Ujerumani. Badilisha eneo la saa kwanza. Kwenye Windows chagua Nairobi, UTC+03:00, ndiyo saa yetu, Dar es Salaam hawajaiandika. Na kama ukiwasha unaona ujumbe wa 0271 na tarehe imerudi miaka ya nyuma, hiyo ni betri ndogo ya ndani, CR2032 yenye waya wake, imeishiwa kwa umri. Ukiiacha, kivinjari kitakataa kufungua tovuti za benki kwa sababu tarehe hailingani na vyeti vya usalama.

Ama mashine yenyewe, bado naipenda. Unaweza kuweka RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, mpaka GB 16, kuna nafasi mbili za aina ya DDR3. Juu ya skrini kuna kitaa kidogo kinachomulika vitufe, unakiwasha kwa kubonyeza Fn pamoja na Space, umeme ukikatika dukani unaendelea kuandika. Fn imekaa pale Ctrl inapotakiwa kuwa, lakini wakati wa kuwasha bonyeza F1, ingia kwenye sehemu ya kibodi, unazibadilishana. Ni nzito, inapita kilo mbili, na skrini ya 1366 kwa 768 ni hafifu, ukipata yenye 1600 kwa 900 usiiache. Windows 10 ilimaliza msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 haiitambui rasmi mashine ya umri huu, kwa hiyo ya mama nimeiwekea Linux Mint, mfumo endeshi wa bure badala ya Windows, ambayo kwenye orodha ya saa Dar es Salaam ipo kwa jina lake.

Ukienda dukani, fungua mahali pa kuandikia, uandike sentensi hii mbele ya muuzaji: "Nyumba za mzee zina ng'ombe @ 12,500." Kisha izime, iwashe, bonyeza F1, na kama inadai nywila ya msimamizi ambayo muuzaji haijui, usinunue, kutoa betri ndogo hakutaifuta.

Kibodi ya Kijerumani niliyoitoa ninayo hapa, vitufe vyote vinafanya kazi. Mwenye T430, X230, T530 au W530 iliyokufa vitufe na asiyejali Z kukaa juu, aniandikie kwenye maoni, nitampa bure.