Chati ya mfumo wa Jua kutoka Usita wa Mui: inunulike, lakini kwa kalamu mkononi

Chati hii ya ukutani niliinunua kwa shilingi 450 katika duka la vifaa vya shule lililoko Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu hapa Lamu, baada ya mwanangu wa darasa la tano kuniuliza ni sayari gani iliyo na joto kuliko zote, nami nikamjibu bila kufikiri kwamba ni Utaridi, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na Jua. Chati ilinisuta jioni ile ile. Joto la Zuhura hufikia nyuzi 465 za Selsiasi hivi, kwa sababu imefunikwa na angahewa nzito ya kabonidayoksaidi isiyoruhusu joto kutoka, ilhali Utaridi, ambayo angahewa yake ni kama haipo, hupoa usiku hadi karibu nyuzi 180 chini ya sifuri. Sehemu hii ya sayari nne za ndani imeandikwa vizuri, na imetaja hata ajabu ya Zuhura, ambayo hulizunguka Jua kwa siku 225 lakini huchukua siku 243 kujizungusha yenyewe mara moja, tena kwa kurudi kinyume.

Lawama yangu kubwa ni majina. Sayari ya tano imeandikwa Sumbula, na ya sita Sarateni. Ami yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi, aliiinamia chati, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kikoi na kuivaa tena.

"Mwanangu, Sumbula ni buruji. Tangu lini buruji ikawa sayari?"

Kweli ni yake. Sumbula ni buruji, yaani kundi la nyota, ambalo jina lake la Kiarabu lina maana ya shuke la nafaka, na Sarateni ni kaa, nayo ni buruji vile vile. Sayari zenyewe ni Mshtarii na Zohali. Kosa hili halikuzaliwa na mchapishaji huyu, kwani limo katika vitabu kadhaa vya shule, lakini kulileta kuliuza katika mji ambao watu wake walivuka bahari kwa kufuata nyota ni jambo ambalo mimi nimeshindwa kulimeza.

La pili ni masafa. Sayari zimepangwa bega kwa bega kama mashua gatini, na hapana neno linalomwonya mtoto kwamba sivyo zilivyo. Tuliamua kupiga hesabu yetu wenyewe, kila kilomita milioni 1 iwe mita 1, Jua liwe mpira wa upana wa mita 1.4 uliowekwa gatini. Kwa kipimo hicho Dunia ni kunazi lililo umbali wa mita 150, na Mwezi wake uko sentimita 38 tu kutoka hapo. Mshtarii ni balungi, mita 778 kutoka gatini, na Zohali iko mita 1,430. Uranusi inafika karibu na kijiji cha Shela, kwenye kilomita 2.9, na Neptuni, iliyo kama ndimu, inaipita Shela na kwenda kukaa mchangani kwenye kilomita 4.5. Tulizibeba sayari zetu kikapuni na kushika njia ya ufuoni, ila Dunia haikukaa mahali pake, kwa kuwa mwanangu aliila.

Mengine nitayapitia haraka. Chati inahesabu sayari tisa, ingawa Pluto iliwekwa katika kundi la sayari kibete mwaka 2006 na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, kwa hoja kwamba haijasafisha njia yake ya kulizunguka Jua, yaani bado ina vitu vingine njiani. Zohali imepewa miezi 62, hesabu ya zamani sana, kwani kufikia Machi 2025 inayotambuliwa ilikuwa imefika 274. Nyotamkia imechorwa vizuri, na mkia wake umeelekea upande usio na Jua kama inavyopasa, lakini chini yake pameandikwa kimondo, ambacho ni kitu kingine kabisa: kijiwe kinachowaka kinapoingia katika hewa yetu.

Kilichonisikitisha zaidi ya Pluto ni kwamba Mwezi umepewa mistari miwili tu, na hapana lolote juu ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Mtoto wa Lamu anayaona maji yakipanda sana Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, wakati Jua na Mwezi vinavuta katika mstari mmoja, na hapo ndipo somo lingemwingia bila taabu.

Karatasi ni nyepesi. Kuta zetu za matumbawe zina unyevu, na ndani ya wiki mbili pembe ya chini ilikuwa imejikunja, kwa hiyo anayeinunua na aitie plastiki kwanza. Rangi hazijapauka bado.

Mwenye duka alinisikiliza kwa uungwana, akasema zimebaki nakala nne na hazirudishiki. Yangu nimeifuta Sumbula na Sarateni kwa kalamu nyeusi na kuandika majina yaliyo sawa, kisha ami akaniomba kalamu, akayaandika yale yale pembeni kwa herufi za Kiarabu.