Bunduki ya Kuwindia ya Kutengenezesha: Kaliba Ipi, Mtutu wa Urefu Gani?

Fundi akikubali kukutengenezea bunduki, kabla ya yote atakuuliza kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu (kwa kawaida kwa inchi), na urefu wa mtutu. Kitako na darubini unaweza kubadilisha mwakani. Hayo mawili yakikosewa, utalipa karibu bunduki nyingine.

Ushauri huu ni kwa mwindaji mwenye leseni anayewinda Tanzania, hasa kwenye miombo ya Rungwa au ile sehemu ya Selous iliyobaki pori la akiba, na anayetaka bunduki moja ya kudumu nayo. Kwa wanyama wa hatari kama nyati, simba na tembo, kaliba isipungue .375. Mengi ya kubishania yanaishia hapo.

1. .375 H&H Magnum, mtutu wa inchi 23 au 24

Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912 na bado sijaona ya kuiondoa nafasi ya kwanza. Kichwa cha risasi cha greni 300, yaani gramu 19 na ushee, hutoka mtutuni kwa mita 770 hivi kwa sekunde, na nguvu yake inakaribia jouli 5,800. Nyati anaanguka. Pofu anaanguka. Swala pala naye unampiga na nyama inabaki ya kula, kwa sababu kichwa kizito cha kasi ya wastani hakiipasui nyama kama kile chepesi kinachokimbia sana. Teke lake ni zito, lakini mtu wa kawaida akijizoeza analimudu bila kufumba macho, na anayefumba macho hapigi shabaha.

Kuna sababu nyingine ambayo wanunuzi huisahau: risasi zake zinapatikana. Begi lako likipotea uwanja wa ndege, kambini karibu kila mwindaji bingwa ana risasi za .375 za kukuazima.

Angalizo kubwa ni mashine, yaani ile sehemu ya chuma yenye bolti, komeo linaloingiza risasi na kuifungia. Ganda la risasi hii lina urefu wa milimita 72, kwa hiyo linahitaji mashine ndefu. Wapo mafundi wanaochukua Mauser 98 ya kawaida, mashine ya bunduki ya Kijerumani, na kuichonga mpaka ganda liingie. Kazi hiyo huondoa chuma nyuma ya pale jino la chini la bolti linapojishikiza, na hapo ni mojawapo ya sehemu zinazobeba msukumo wa baruti. Kataa. Lipia mashine ndefu ya tangu kiwandani.

Kuhusu mtutu, kila inchi unayokata inakupunguzia takribani mita 6 hadi 9 kwa sekunde. Kutoka inchi 24 kushuka 22 hupotezi hata mita 20, na nyati aliye hatua 50 hatahisi tofauti. Utakachohisi wewe ni mlio mkali zaidi masikioni na mdomo wa bunduki kurushwa juu zaidi, maana uzito wa mbele umepungua. Mtutu wa inchi 26 nao utakwama kwenye matawi na kwenye mlango wa Land Cruiser kila unaposhuka. Ndiyo maana nasimama kwenye 23 au 24. Mwambie fundi mifereji ya ndani izunguke mara moja kila inchi 12.

2. .416 Rigby au .416 Remington, inchi 24

Hii ni ya anayefuata nyati na tembo kuliko swala. Greni 400 kwa mita 730 kwa sekunde, karibu jouli 6,900. Ile ya Rigby ni ya 1911. Ganda lake ni nene sana, na msukumo ndani yake ni wa chini, jambo linalofaa kwenye joto letu kwa kuwa joto huongeza msukumo. Lakini unene huo unadai mashine kubwa na ghali. Remington ya 1988 inafanya kazi ileile ndani ya mashine ya .375 H&H, ila kwa msukumo mkubwa zaidi. Fedha ikiwa si kikwazo, chukua Rigby.

3. .458 Winchester Magnum, inchi 22

Ya mwaka 1956. Ganda fupi, linaingia mashine ya kawaida, na tundu pana halidai mtutu mrefu. Ni bunduki ya karibu, kichakani. Mbali haifai, na bega litalalamika.

4. 9.3x62, inchi 22

Naipenda hii kuliko nafasi niliyoipa. Otto Bock wa Berlin aliibuni mwaka 1905 iingie kwenye Mauser ya kawaida, kwa ajili ya walowezi wa Kijerumani Afrika, wakati Tanzania Bara ya leo ikiwa chini yao. Teke la upole, mtutu mfupi, inapenya vizuri sana. Tatizo ni kwamba hiyo 9.3 ni milimita, kaliba ya inchi .366, chini ya .375, kwa hiyo nyati haikuhusu. Kwa kuro, kongoni, palahala na tandala ni raha tupu.

5. .30-06 Springfield, inchi 22

Ya wanyama wa kawaida na ya pili kabatini. Risasi zake ni rahisi kupata. Wanaotaka .300 Winchester Magnum kwa ajili ya mbuga za Umasaini wajue kwamba baruti yake nyingi inadai inchi 24 hadi 26. Ukiikata fupi unabaki na kelele na faida kidogo.

Kabla hujalipa arbuni, mtake fundi aandike urefu unapimwa kutoka wapi. Kipimo sahihi huanzia uso wa bolti iliyofungwa hadi mdomo wa mtutu. Omba pia vilengeo vya chuma hata kama utaweka darubini, kwa kuwa darubini ikigongwa safarini uwindaji usikome. Na kibali cha polisi kitangulie oda, kwa sababu leseni hutaja kaliba, na fundi akishatoboa chemba, yaani chumba cha risasi, ya .416 huwezi kuiingiza kwenye leseni ya .375.