TAHADHARI: Traka inayouzwa kwenye stendi za Malindi ni taa tupu

Ndugu zangu madereva wa teksi na tuktuk, hasa nyinyi wa usiku, someni hii kabla hamjatoa shilingi. Kuna mtu anazunguka stendi zetu akiuza traka, yaani kidude cha kufuatilia gari lilipo. Mimi nimeshaumwa, kwa hivyo sisemi ya kusikia.

Alitujia siku ya Ijumaa, tumetoka kuswali, tumekaa kivulini. Kanzu safi, maneno ya asali. Akaanza kwa kutaja madereva wanaokodiwa usiku wakarudi kwa miguu. Alijua pa kugusa. Kisha akatoa kidude cheusi, kadiri ya kiberiti, kina nyaya mbili na kitufe chekundu. Akasema: ukibanwa na abiria, bonyeza, ujumbe unakwenda kwa tajiri wako, mwenye gari. Gari likiibwa, unaliona kwenye simu. Bei 6,500, ukilipa leo 4,500, kufungiwa ni bure. Akatuonyesha kwenye simu yake kitone kikitembea kwenye ramani kuelekea Casuarina, nasi tukaduwaa kama watoto. Sasa ninavyofikiri, kile kitone kilikuwa simu ya mwenziwe aliyepanda bodaboda.

Tulinunua watatu. Pesa alitaka zitumwe kwa namba yake mwenyewe, risiti "italetwa". Hapo ndipo ningeshtuka, lakini tamaa ya bei nayo!

Wiki tatu baadaye mwenzetu wa tuktuk alibeba watu wawili saa nne usiku kutoka Barani, wanakwenda Gede. Bei hawakubishana hata kidogo. Nani Malindi hii anapanda tuktuk bila kubishana bei? Mmoja akakaa nyuma yake kabisa. Kabla ya kufika, akahisi kisu shingoni. Alibonyeza kitufe mara nne. Kitaa kikawaka, simu ya tajiri haikulia. Alhamdulillahi walichukua simu na hesabu ya siku, wakamwacha mzima.

Kesho yake nilikifungua changu kwa bisibisi juu ya boneti. Ndani mna kitaa, swichi, na nati ya chuma iliyogandishwa kwa gundi ili kidude kiwe kizito mkononi. Basi. Hata pahali pa kutia laini hapana. Namba ya muuzaji haipatikani, na pesa keshazitoa zamani. Tumeripoti polisi, namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, tunayo. Wawili wengine walionunua kwake stendi nyingine, wafike wayaandikishe yao pia.

Traka ya kweli ni kama simu isiyo na kioo. Inajua mahali ilipo kwa setilaiti, halafu inatuma habari kwa mtandao wa simu, kwa hivyo lazima iwe na laini yake yenye salio, na IMEI, namba ya kukitambulisha kifaa, ya tarakimu 15. Mwambie muuzaji akutajie namba ya hiyo laini. Kisha mpe mwenzio gari aende mpaka Watamu, nawe ubaki ukiangalia kwenye simu YAKO, si ya muuzaji. Akikataa, mwache aende zake.

Kwa sasa sisi tunatumia WhatsApp. Ukibeba abiria wa usiku, unamtumia mwenzio wa stendi mahali ulipo moja kwa moja (live location), akuone ukitembea; unachagua muda wa dakika 15, saa 1 au saa 8. Ni bando tu. Najua simu ndiyo ya kwanza kunyang'anywa, lakini angalau kuna mtu anajua ulielekea wapi. Na mtaje huyo mtu kwa sauti abiria wakisikia: "Nimebeba wawili, nawapeleka Gede, nitakupigia nikifika." Ukiona hatari, 999 au 112.

Nasikia jamaa sasa yuko upande wa Watamu na bei imeshuka hadi 3,000. Kidude changu nimekiacha wazi pale stendi, nati na gundi yake. Anayetaka kununua apite kwanza akitazame.