Kifaa cha kuhifadhia kazi zako, Mtwara na Lindi: kipi ununue kwanza

Kama fedha yako inatosha kifaa kimoja tu, na kazi yako ya kila siku itakaa humo, nunua SSD ya nje, yaani diski ya chipu inayochomekwa kwa USB, ya GB 500 au TB 1 (GB 1,000). Hilo ndilo chaguo langu la kwanza kwa mpiga video za harusi wa Mtwara mjini, kwa mwalimu anayetunga mitihani Nachingwea, na kwa karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kule Tandahimba anayezunguka na hesabu za wakulima kwenye mkoba. Hadidiski ya nje naiweka ya pili, flashi ya tatu, memori kadi ya nne. Vifaa vilivyotumika vinakuja mwishoni kabisa. Na kuna kimoja ambacho hakifai hata ukipewa bure, nitakifikia.

SSD naipa nafasi ya kwanza kwa sababu ndani yake hakuna kinachozunguka, ni chipu tupu. Hadidiski ya nje ina sahani zinazozunguka, nyingi mara 5400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Ikianguka kutoka mezani ikiwa inafanya kazi, kichwa kinaweza kuikwaruza sahani, na kilichokwaruzwa hakirudi. Ikiwa imezimwa ina nafuu, maana kichwa kinakuwa kimeegeshwa pembeni. Lakini mtu anayepanda bodaboda kila siku na kufanya kazi kwenye meza za kuazima, leo ukumbini, kesho barazani, hawezi kuahidi kwamba haitadondoka.

Kasi nayo ina uzito wake. Chukua video za harusi moja, tuseme GB 50. Flashi ya kawaida inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua zaidi ya saa moja na dakika ishirini. Hadidiski yenye MB 100 kwa sekunde itamaliza kwa dakika nane na ushee. SSD ya MB 500 kwa sekunde haifiki dakika mbili. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, aliyebakiwa na saa nzima ndiye anayeumia.

Lakini kagua kwanza tundu la USB la kompyuta yako. Kasi hizo zinahitaji USB 3, ambayo mara nyingi ina plastiki ya bluu ndani au alama ya SS pembeni. Kompyuta mpakato nyingi za mtumba zina matundu ya USB 2, na hapo hata SSD ya bei kubwa itashuka hadi kama MB 40 kwa sekunde. Kama yako ni ya aina hiyo na huna mpango wa kuibadilisha, sababu ya kasi inakufa, unabaki na sababu ya kuanguka.

Hadidiski ya nje inashinda kwenye jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji: kukaa muda mrefu bila kuguswa. Chipu za SSD na flashi zinatunza data kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo huvuja polepole, hasa kwenye joto. Kipimo cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya chipu, kwa SSD za matumizi ya kawaida kinataka, hata ikishachoka kwa kuandikwa, ishike data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30. SSD mpya inashika zaidi ya hapo, lakini nyuzi 30 kwetu ni mchana wa kawaida tu. Kwa hiyo picha za familia, kanda za zamani ulizohamishia kwenye kompyuta, mafaili ya ofisi ya miaka iliyopita, vyote viweke kwenye hadidiski ya TB 1 au 2 inayokaa kabatini. Kwa bei ya kila GB, bado ndiyo nafuu zaidi. Ukiisikia inagonga tik, tik, tik, ichomoe hapo hapo na usiichomeke tena kujaribu bahati. Kila unapoiwasha, kichwa kinaendelea kuharibu.

Kabati lenyewe nalo ni la kuangaliwa kwa mtu wa Mikindani au Lindi mjini. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi inakula vyuma vya kwenye tundu na waya kwanza. Bakuli la plastiki lenye kifuniko kinachobana, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinatosha.

Sasa flashi. Naiheshimu, ila kwa kazi ya kubebea, si ya kutunzia. GB 32 au 64 kutoka SanDisk au Kingston, USB 3, inatosha watu wengi. Ukitaka isome kwenye redio au televisheni ya zamani, chukua GB 32, kwa kuwa kwa kawaida huja na mpangilio wa FAT32 ambao vifaa hivyo vinaujua. FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, kwa hiyo video ndefu itagoma hata kama nafasi ipo. Dawa yake ni kuifomati (kuifuta na kuipanga upya) kwa mpangilio wa exFAT ikiwa bado tupu.

Kile kisichofaa hata bure ni flashi ya "TB 2" inayouzwa bei ya chakula cha mchana. Flashi za kweli za TB 1 na 2 zipo duniani, lakini bei zake zinakimbizana na za SSD. Hii ya bei rahisi, chipu inayoisimamia imepangwa idanganye. Kompyuta ikiuliza ukubwa inajibiwa TB 2, na ndani kuna GB 16 au 32. Mafaili ya mwanzo yanafunguka vizuri kabisa, na hapo ndipo mtu anapoiamini. Ukishavuka ukubwa wa kweli, mafaili mapya yanaandikwa juu ya ya zamani au hayaandikwi popote. Majina utayaona, ukubwa utauona, na picha haifunguki. Inaniuma kuona mtu amehamishia humo picha za mzazi aliyefariki kisha akafuta kwenye simu, maana hakuna fundi atakayezirudisha. Hazikuwahi kuandikwa.

Namna ya kuikamata ni kuijaza. Kwa Windows kuna programu ya bure, H2testw. Inaandika mafaili ya GB 1 moja baada ya jingine hadi flashi ijae, halafu inayasoma yote na kukuambia kilichopotea. Anayetumia Linux au Mac atumie F3. Fanya kipimo hicho flashi ikiwa tupu, na uwe na subira: GB 64 kwa MB 10 kwa sekunde ni karibu saa moja na dakika hamsini za kuandika tu. Usishtuke kuona flashi ya GB 64 inaonyesha 59 na kitu, au diski ya TB 1 inaonyesha 931. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Huo si wizi.

Flashi ya kuchapishia iwe peke yake. Kompyuta za steshenari zinapokea flashi za mji mzima, na virusi vinavyogeuza mafaili kuwa njia za mkato vinapatikana humo. Yakikukuta, usifomati. Mara nyingi mafaili yamefichwa tu, hayajafutwa. SSD yenye kazi zako isiguse kompyuta hizo kamwe.

Memori kadi ni ya simu na kamera. Inapotea, inavunjika, na feki zake ni nyingi kama za flashi, ipime vilevile.

Hadidiski au SSD iliyotolewa kwenye kompyuta ya zamani na kuwekwa kwenye kasha la USB inafaa kwa nakala ya pili, si ya pekee. Ifungue kwa CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, kabla ya kulipa: bluu nzuri, njano iache, nyekundu usijadili.

Kuhusu kuhifadhi mtandaoni, akaunti ya Google inakupa GB 15 bure, na vyeti, hati ya shamba na hesabu muhimu vinaenea humo. Ila Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Kifaa cha mkononi bado ni lazima.

Mwezi huohuo, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga. Nalitaja kwa sababu ya dhamana. Kariakoo bei ni nafuu, lakini diski ikifa itabidi uirudishe huko kwa basi, na utangoja. Nikiona tofauti ni ndogo, nanunua kwa muuzaji wa hapa hapa. Mwambie wazi kabla hujatoa fedha: "Kaka, naenda kuijaza nyumbani. Ikikataa nairudisha kesho kutwa, unanibadilishia." Akikubali, chukua risiti ya EFD (ya mashine ya kodi), mwombe aandike nyuma yake namba iliyochapwa kwenye kifaa, ipige picha na uutunze ule mfuko wake. Akianza kuzungukazunguka, mwachie kifaa chake, duka la pili haliko mbali.