Kibanda kinachorudia mechi za Leicester ya 2015/16: nimekaa siku nne naangalia kaunta, yani mashambulizi ya kushtukiza

Wadau wa boli, kuna kibanda umiza kimoja huku Mwananyamala nataka niwaambie habari zake. Jina hakina, hata kibao nje hamna, ni mabati na pazia jeusi mlangoni, lakini kwa mtu anayependa mpira wa kuelewa sijaona sehemu inayokifikia. Wiki ambayo katikati hamna mechi za Uefa mwenye banda anaweka mechi za zamani, nzima, dakika zote 90, kiingilio jero, na wiki iliyopita ilikuwa zamu ya Leicester City ya kocha Ranieri ile iliyobeba ubingwa wa England 2016. Nimeenda Jumatatu mpaka Alhamisi sijakosa hata siku moja.

Kinachofanya pale pawe tofauti ni rimoti. Jamaa anasimamisha mpira watu wakiomba, anarudisha nyuma, anauliza hapa mpira umetokea kwa nani, watu wanabishana kidogo afu anaachia uendelee. Kuna mzee mmoja fundi cherehani anakaa benchi la pili, yule akisema "mwanangu rudisha kidogo" ujue kuna kitu wote tumepitwa.

Jumatatu ikawa Leicester na Man United, Novemba 28, 2015, ile 1-1. Goli la Vardy tunalijua wote, ndo lililomfanya afunge mechi 11 mfululizo na kuvunja rekodi ya Van Nistelrooy, na mi miaka yote nilikuwa naamini ni goli la mbio tu, Vardy ana spidi basi kwisha. Ilivyorudishwa mara ya tatu nikaona nilikuwa sijaliangalia. United wana kona, wamejazana kwenye boksi, Schmeichel anadaka, na badala ya kukumbatia mpira alale nao anaurusha palepale kwa Fuchs, Fuchs anakimbia nao katikati ya watu ambao bado wanageuka kurudi kwao, anapenyeza pasi, Vardy anamaliza. Watu watatu tu, kipa, beki wa kushoto na straika. Mzee fundi akasema United wamefungwa pale kipa alipoachia mpira, yale mengine ni kumalizia kazi. Mpaka leo naifikiria hiyo kauli.

Kwa sababu ukiangalia vipande vya mitandaoni unaonyeshwa mbio za mwisho, huonyeshwi dakika za kabla yake ambazo Leicester hawana mpira. Kwenye mechi nzima unaona ile 4-4-2 yao, mabeki wanne, viungo wanne na mastraika wawili, imeshuka chini, mistari miwili imebanana, mabeki wa kati Morgan na Huth hawapandi maana hawana mbio na wanajijua, kwahiyo mpinzani anavutwa taratibu mpaka mabeki wake wako mstari wa katikati. Nyuma yao pamebaki uwanja mtupu. Afu Okazaki, straika mwenzake Vardy ambaye hakuna anayemtaja, yule anashuka kuwasumbua viungo wa timu pinzani mpaka pasi inatoka mbovu, kiungo Kanté anaikuta, mwenzake Drinkwater anapiga ndefu bila hata kutuliza. Mbio za Vardy zinakuja mwisho kabisa.

Jumanne jamaa akaweka Arsenal, ile Leicester waliyopigwa 5-2 palepale kwao King Power Septemba 2015, na hapo ndo nikamheshimu maana angeweza kutuwekea za ushindi tu. Vardy alitangulia kufunga na akaongeza lingine baadae, kaunta ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, ila wakishambulia wanaacha matundu na Sanchez wa Arsenal akaondoka na goli tatu. Baada ya hiyo mechi Ranieri akawaingiza Simpson na Fuchs pembeni, mabeki wanaokaba kwanza. Nikaelewa kwamba timu inayotegemea kushtukiza ikishindwa kukaba haina kitu cha kuanzia, utashtukiza na nini wakati mpira kila saa unautoa nyavuni?

Jumatano nusu ya watu walilalamika, Bournemouth 0-0, Januari 2, 2016. Wengine wakatoka mapumziko. Mi naona ndo mechi iliyonifundisha kuliko zote nne. Bournemouth wanapewa kadi nyekundu, Leicester wanapata penati, winga wao Mahrez anapiga, kipa Boruc anapangua, na kuanzia hapo Bournemouth wako kumi wamepaki basi. Sasa Vardy akimbilie wapi? Nyuma ya beki hamna nafasi hata ya kuegesha baiskeli. Leicester wana mtu mmoja zaidi na bado hawajui mpira waufanyeje, krosi, kona, krosi, wee mpaka kipenga. Kama unataka kujua ukomo wa kaunta ni upi, omba urudishiwe hiyo.

Alhamisi Man City kwao Etihad, Februari 6, 2016, Leicester walishinda 1-3. Kibanda kilijaa watu wamesimama mpaka nje ya pazia. Goli mbili za Huth ni za mipira iliyokufa, frikiki na kona, hizo sizungumzii, ila la pili la Mahrez dakika ya 48, Kanté anatoka na mpira nyuma anakimbia nao mwenyewe anauachia kwa Mahrez, Mahrez anawacheza mabeki anapiga, kipa Hart hana la kufanya. City wanaongoza kwa kumiliki mpira na ubao unasoma vingine kabisa. Pale kelele zilikuwa kama mechi ya moja kwa moja, watu wanashangilia goli la miaka hiyo yote nyuma.

Msimu ule walifunga 68, Vardy 24 na Mahrez 17, yani hao wawili wamebeba goli 41, na wakapoteza mechi tatu tu ligi nzima. Ila msimu ulivyoenda mwishoni timu zikawa zimewajua, zinawaachia mpira, ndo ukaona zile 1-0 za Watford, Newcastle, Palace na Southampton zimefuatana. Ukaba ule uliozaa kaunta ndo ulikuja kuwabeba mpaka kombe.

Kuhusu huduma yenyewe, joto lipo, feni ni moja na inaangalia skrini badala ya watu, benchi za mbele shingo itakuuma, na spika ya kulia inakwaruza mtangazaji akipandisha sauti. Nimemwambia mwenye banda, amesema atabadilisha. Picha iko safi, mechi iko kwenye flashi kwahiyo haikwami, na watoto wa shule haruhusu ikishafika saa mbili usiku, hilo nimelipenda sana. Kwa jero mi naona anatupa zaidi ya tunacholipa.

Jumatatu ijayo anaanza Real Madrid ya kocha Mourinho, ile ya 2011/12 ya pointi 100 na goli 121. Wahini benchi la pili au la tatu, karibu na mzee fundi.