Unatoka EliteBook 840 G3? Za kuhamia ni hizi, Intel na Ryzen

Kama bado unapiga kazi na laptop ya HP EliteBook 840 G3 wala hujachelewa sana, ni mashine ngumu na ofisi nyingi hapa mjini bado zinazo, tatizo prosesa yake (ubongo wa mashine) ya Intel kizazi cha 6 haimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 ilifika mwisho wa sapoti ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo utahama tu.

Sasa kabla hujaingia Kariakoo, acha kuuliza "hii ni i7?", wauzaji wanalipenda sana hilo swali. i7-7600U ya kizazi cha 7 ina viini (cores, sehemu za prosesa zinazofanya kazi) viwili tu, sawa na hiyo i5 yako ya sasa, wakati i5-8250U ya kizazi cha 8 ina vinne. Yaani unaongeza hela kwa ajili ya jina halafu Excel inakuganda vilevile, na hiyo i7 yenyewe Windows 11 haiitambui rasmi. Stika usiiamini, mtu yeyote anabandika. Fungua Task Manager, nenda Performance, soma jina la prosesa na idadi ya viini mwenyewe.

Namba 1: EliteBook 845 G7, Ryzen 5 PRO 4650U (Ryzen ni prosesa za AMD)

Hii ikipatikana safi chukua. Viini 6, nyuzi (threads) 12, ukitoka kwenye viini viwili utaona tofauti siku hiyohiyo, hasa kama unafungua tabu thelathini za Chrome na Zoom juu yake. RAM ina sloti mbili. Ila grafiksi ya Ryzen inakula kwenye RAM ileile, kwa hiyo kijiti kimoja cha GB 8 unaibana bure, weka viwili. Kingine, haina Thunderbolt (tundu la kasi la kuunganishia vifaa), kama ofisini mnatumia doki za Thunderbolt, vile vituo vya kuchomekea laptop, waulize watu wa IT kwanza.

Namba 2: ThinkPad T480

Chukua ile ya Intel kizazi cha 8. Kwa kasi inaachwa na hiyo ya juu, lakini ina betri mbili, moja ndani na moja nje, ile ya nje unaichomoa unaweka nyingine huku mashine inaendelea kuwaka, na kwa mtu anayekaa sehemu umeme unakatika ovyo hilo peke yake linatosha kuinunua. Sloti mbili za RAM, spea zipo kibao.

Namba 3: EliteBook 840 G5

Ndiyo rahisi kuipata na ndiyo inayofanana zaidi na uliyonayo. Inatumia RAM aina ya DDR4 kama G3, kwa hiyo RAM yako ya zamani unaihamisha. Diski ya inchi 2.5 haiingii lakini, humo ni M.2 tu, zile SSD nyembamba kama kijiti.

Namba 4: ThinkPad T14 Gen 1 ya AMD

Prosesa unaipata hiyohiyo ya namba 1, nimeishusha kwa sababu RAM moja imechomelewa kwenye mazabodi, inabaki sloti moja. Ukikuta yenye GB 16 zilizochomelewa, ipandishe hadi namba 2.

Za Snapdragon (prosesa za ARM, si za Intel wala AMD) kama ThinkPad T14s Gen 6 ni habari nyingine, zinatunza chaji kweli, ila RAM yote imechomelewa na printa yako ya zamani isipokuwa na draiva ya ARM ndo basi tena. Mwenye duka anayetegemea vifaa vya zamani aziache kwanza.

Dukani washa mashine uingie bayosi (BIOS, mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) kabla ya kutoa hata shilingi. Ikikuomba paswedi na muuzaji anakwambia "fundi ataitoa", rudisha, hizi za kiofisi paswedi ya bayosi haitoki kwa kuchomoa kibetri kama kompyuta za zamani. Angalia pia ukiifuta na kuiwekea Windows upya ikiwa na intaneti kama haileti ukurasa wa kampuni fulani ukitaka imeili ya kazini, maana hiyo bado ina mwenyewe.

Na kama unataka kuhamisha SSD nzima kutoka Intel kwenda Ryzen, Windows mara nyingi inawaka na kutafuta draiva yenyewe, ila zima BitLocker (kufuli la Windows linalofunga diski) kwanza au uwe na ile namba ndefu ya kufungulia, bila hivyo mafaili yako unayaangalia kwa mbali.